Asiyekuja mazishini si mtoro

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu maneno yanayozagaa hapa Koboko, Uganda, tangu tulipomzika shemeji yangu. Binti yake ameolewa na Mwingereza, anaishi Leicester, Uingereza, na hakuja. Alituma pesa za jeneza na turubai, akafuatilia maziko kwa simu aliyoishika kijana mmoja akiwa amesimama juu ya kiti cha plastiki. Udongo haujakauka, watu wakaanza: viza imekwisha, amejificha, akitoka tu watamkamata. Mzee mmoja wa ukoo, ninayemheshimu sana, alitaka atozwe ng'ombe.

Mimi ni askari mstaafu, nimezoea kusoma amri mpaka mstari wa mwisho. Nikamwambia binti anitumie karatasi zake. Viza ya kwanza ya mke ilikuwa ya miezi 33. Kabla haijaisha aliomba kuongezewa muda, akalipa ada zote, na ile ya afya peke yake ni pauni 1,035 kwa mwaka. Mtu aliyejificha hailipi serikali pesa za namna hiyo. Sheria yao ya Uhamiaji ya mwaka 1971, kifungu cha 3C, inasema aliyeomba kabla muda wake haujaisha, ruhusa aliyokuwa nayo inaendelea mpaka ajibiwe. Kwa hiyo tarehe ya kwenye viza imepita naye yuko halali kabisa. Anakwenda kazini kama kawaida. Mwajiri wake alipoingiwa na wasiwasi aliiuliza serikali, akapewa hati ya uthibitisho ya miezi sita.

Kinachomfunga ni safari. Akitoka nchini kabla ya jibu, ombi lake linahesabiwa limeondolewa siku hiyohiyo, na ruhusa ya kusubiri inakufa nalo. Angekuja akamzika, halafu angekaa hapa kuomba viza upya kama ndiyo kwanza ameolewa, mume na mtoto wa chekechea wako kule. Marehemu alilijua hilo. Alipozidiwa alimwambia kwa simu, nikiwa nimekaa pembeni ya kitanda: "Usije, mwanangu. Maliza mambo yako."

Kuna jamaa mjini anayejiita wakala. Huyo alimpigia binti akamshauri apitie Nairobi kimyakimya, eti ana mtu wake. Mtu wake wa wapi? Kule kutoka kwako kunaonekana kwenye kompyuta, huhitaji hata kugongewa muhuri. Vijana wetu walioolewa au kuoa nje wajihadhari na washauri wa aina hiyo, hasa msiba unapotokea na akili haijatulia.

Ng'ombe hatutoi. Jibu likitoka binti atakuja, tutafanya matanga, na mzee mwenye swali atamuuliza ana kwa ana.

Sajini mstaafu,
Koboko