Usimkatizie Simba dawa

Moshi, Jumapili jioni

Rafiki yangu mpendwa,

Barua yako imenifikia. Pole sana kwa kukesha na mgonjwa. Unasema mbwa wenu Simba alitapika usiku kucha baada ya sindano ya kwanza, na shemeji anaona bora muache. Nakusihi, msiache! Uvimbe huo ambao mbwa huambukizana wakipandana ni mojawapo ya saratani chache ambazo vinkristini, dawa hiyo anayochomwa, huzimaliza kabisa, mara nyingi kwa sindano nne hadi sita, moja kila wiki. Mkikatiza kwa kuwa damu imekoma kutoka kwenye uvimbe, unaweza kurudi.

Kutapika kuna dawa yake. Mwombe daktari wa mifugo ampe maropitanti mapema, kabla kichefuchefu hakijaanza. Chakula kiwe kidogo kidogo, cha vuguvugu: wali laini na kuku wa kuchemsha asiye na mifupa. Nyama mbichi acheni kwa sasa. Angalia na choo, maana vinkristini hupunguza mwendo wa utumbo. Akikaa siku mbili bila kwenda haja, mpigie daktari.

Ninachokiogopa zaidi ni siku ya nne hadi ya saba baada ya sindano, chembe nyeupe za damu zinaposhuka. Hapo hata kidonda kidogo kinaweza kumwangusha. Nunua kipimajoto chake mwenyewe, umpime kwa njia ya haja kubwa. Joto la kawaida la mbwa ni 38 hadi 39 na kidogo, likipita 39.5, usingoje kukuche. Parasetamoli na diklofenaki za kwenu nyumbani asipewe hata kipande. Damu ipimwe kabla ya kila sindano. Chembe zikiwa chache, daktari ataahirisha au atapunguza dozi, na huko si kuacha matibabu.

Siku ya sindano mshike vizuri, umsemeshe atulie, kwani dawa ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama vibaya. Mguu ukivimba baadaye, au akiulamba bila kuacha, mrudishe siku hiyo hiyo. Na kama bado mnamchoma ivermectini kwa ajili ya kupe, mwambieni daktari. Dawa hizo mbili kuna mbwa hawazistahimili.

Mkojo na matapishi ya siku za mwanzo usafishe kwa glavu, watoto wakae mbali.

Nipigie baada ya sindano ya pili, hata iwe usiku wa manane. Msalimie shemeji, umsomee barua hii.

Ni mimi rafiki yako,
Mama Upendo