Chicago kwa baiskeli: msigeuze kwenye majumba ya makumbusho

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa safari umewashauri wanaokwenda Chicago kwa mara ya kwanza wapande basi lisilo na paa, wazungushwe katikati ya jiji, kisha wamalizie kwa picha mbele ya Ziwa Michigan. Kwa mwenye saa mbili tu kabla ya ndege, ushauri huo unatosha. Mwenye nusu siku na miguu mizima anapunjwa. Basi haliruhusiwi kwenye njia ya kando ya ziwa, na bila kando ya ziwa huwezi kuelewa kwa nini jiji lile lilikaa lilivyokaa.

Naomba basi niitetee baiskeli, tena ya mwendo wa kobe. Zile za kukodi za jiji, zilizoanza mwaka 2013, ukichukua ya kawaida isiyo na mota utaikuta nzito na yenye gia chache. Haikimbii hata ukiilazimisha. Kwa safari ya kutazama, hiyo ni sifa.

Anza na mtaa wa Dearborn. Tangu Desemba 2012 una njia ya baiskeli ya kwenda na kurudi, iliyotengwa na magari na yenye taa zake yenyewe. Katika umbali usiofika kilomita moja unapita mbele ya mambo ambayo watu huvuka bahari kuyaona. Kwanza jengo la Monadnock: nusu yake ya kaskazini, ya mwaka 1891, ina ghorofa 16 zinazobebwa na kuta za matofali, na kule chini kuta hizo zina unene unaokaribia mita mbili. Miaka michache tu baadaye fremu za chuma zilifanya ujenzi wa namna hiyo uonekane wa kizamani. Mbele yake kidogo kuna sanamu nyekundu ya Alexander Calder, ambayo unaweza kupita chini ya matao yake (shuka kwanza kwenye baiskeli). Kisha ukuta wa vigae wa Marc Chagall, misimu minne ya mwaka kwa rangi ndogondogo. Kisha Picasso.

Sanamu ile ya Picasso ina urefu wa mita 15 na imesimama pale tangu 1967. Aliitoa zawadi kwa jiji, akakataa malipo, wala hakueleza ni kitu gani. Wapo wanaoona mwanamke, wapo wanaoona nyani, na watoto hawana habari na mjadala huo: wao huteleza kwenye kitako chake. Abiria wa basi huipata sekunde chache tu, taa ikiwa nyekundu. Wa baiskeli anaegemeza chombo, anazunguka upande wa nyuma, anabadili mawazo.

Hapa nimsahihishe mwandishi wenu. Alidokeza kwamba anayeogopa magari apande tu kwenye njia ya waenda kwa miguu. Asijaribu. Sheria ya Chicago inamkataza yeyote mwenye umri wa miaka 12 na kuendelea kuendesha baiskeli hapo, isipokuwa palipowekwa alama ya kuruhusu. Palipo na msongamano, shuka uikokote.

Vuka Mto Chicago kwa daraja la Dearborn, lakini simama katikati. Maji yaliyo chini yako zamani yaliingia ziwani pamoja na uchafu wa jiji zima, na ziwa hilohilo ndilo wenyeji walilokunywa. Mwaka 1900 wahandisi waliugeuza mto, kwa mfereji, ukaanza kutiririka ukiliacha ziwa mgongoni. Ukishashangaa vya kutosha, elekea mashariki hadi ziwani, upande barabara ya juu ya baiskeli iliyokamilika mwaka 2021 karibu na gati la Navy Pier. Kabla yake, waendesha baiskeli walibanana pale na magari na umati wa wageni. Sasa unavuka mdomo wa mto bila kugombana na mtu.

Ukigeukia kusini umeshaingia kwenye njia yenyewe ya ziwa, takriban kilomita 29 kutoka mwisho hadi mwisho. Tangu 2018 waenda kwa miguu wana njia yao na baiskeli yao. Soma alama, kaa kulia, waache wenye mbio wapite na hasira zao. Chukua sweta hata wakati wa kiangazi, maana upepo wa ziwa hauangalii kalenda.

Sehemu kubwa ya bustani ya Grant Park, iliyo upande wako wa kulia, zamani ilikuwa maji. Baada ya moto mkubwa wa 1871, vifusi vya jiji vilimwagwa ziwani, na nchi kavu ikaongezeka. Ardhi mpya mbele ya jiji tajiri: nani asingeitamani? Lakini kwenye ramani ya mwaka 1836 maofisa wa mfereji mwingine wa zamani zaidi, ule wa Illinois na Michigan, walikuwa wameandika kwamba eneo la pale ni la umma, libaki wazi daima bila majengo. Mfanyabiashara Montgomery Ward, aliyetajirika kwa kuuza bidhaa kwa katalogi, aliyashika maneno hayo akaenda nayo mahakamani tangu 1890 hadi 1911. Alizuia hata jumba la makumbusho la Field lisijengwe katikati ya bustani, na wengi wakamchukia kwa hilo. Jumba likajengwa kusini zaidi, ambako lipo hadi leo.

Na hapo, kwenye majumba ya makumbusho, ndipo misafara mingi ya kuongozwa hugeuza. Picha ya majengo marefu ukiwa karibu na jumba la sayari la Adler ni nzuri kweli, sibishi. Ila kilomita chache mbele, karibu na mtaa wa 29, ndiko alikokufa kijana Mweusi Eugene Williams tarehe 27 Julai 1919. Alikuwa majini na wenzake, wakaelea hadi upande ambao Wazungu waliuhesabu kuwa wao, wakatupiwa mawe, akazama. Polisi hakumkamata aliyeshutumiwa. Ghasia zilizofuata ziliua watu 38, Weusi 23 na Wazungu 15. Hapakuwa na sheria iliyoligawa ziwa hilo. Mstari ulikuwa vichwani mwa watu, na ulitosha kuua.

Ukurasa wa safari unaoandikiwa wasomaji wa Kiafrika ukiusifu ufukwe wa Chicago kuwa wazi kwa wote, kisha ukanyamaza kuhusu mwaka 1919, umetusimulia habari nusu. Kutoka Grant Park hadi ufukwe wa mtaa wa 31 ni kama kilomita tano tambarare, hata kwa baiskeli ile nzito. Njia inaendelea hadi mtaa wa 71, na mwenye pumzi aendelee. Asiyekuwa nazo ageuze mtaa wa 31, si kabla.

Msomaji wenu