Mheshimiwa, tuletee majibu

Ndugu Mhariri,

Mikutano mingi ya wawakilishi na wapiga kura huenda hivi: utambulisho wa wageni unakula saa nzima, kisha maswali yanaruhusiwa kwa watu watatu tu, tena majina yao mara nyingi yalishapangwa. Mama anasimama kueleza kero ya maji. Msaidizi anaandika kwenye daftari. Mheshimiwa anatikisa kichwa, anasema "tumelichukua hilo," makofi yanapigwa, msafara unaondoka.

Daftari lile huenda wapi?

Sidai kwamba mbunge au diwani atekeleze kila tunachomwambia. Sisi wenyewe hatukubaliani: anachokililia mkulima, mfugaji anakipinga. Mwaka 1774 Edmund Burke, mbunge aliyekuwa amechaguliwa Bristol, Uingereza, aliwaambia waziwazi wapiga kura wake kwamba mbunge hapaswi kuacha kutumia akili yake ili kufuata matakwa yao. Akaunga mkono kulegezwa kwa masharti ya biashara na Ireland, wafanyabiashara wa mji huo wakachukia, na mwaka 1780 akajitoa kwenye uchaguzi alipoona atashindwa. Unaweza kumpinga, lakini watu wake walijua msimamo wake na sababu zake, wakampima kwa hayo.

Wawakilishi wengi wa leo hawatupi hata nafasi hiyo. Hawakubali, hawakatai. Kwangu mimi, hilo ni baya kuliko kukataliwa. Aliyekataliwa anajua pa kuanzia: atakusanya wenzake, atakwenda mahakamani, atatafuta mgombea mwingine. Aliyeambiwa "tunalifanyia kazi" anabaki kusubiri hadi kampeni nyingine.

Majibu yanaweza kuwekewa utaratibu. Kwenye tovuti ya maombi ya Bunge la Uingereza, ombi likifikisha saini 10,000, serikali hulijibu kwa maandishi. Likifikisha 100,000, hufikiriwa kwa mjadala. Jibu laweza kuwa la kukataa, lakini lipo, na kila mtu analisoma.

Basi kila mkutano uanze kwa kusomwa kero za mkutano uliopita, moja baada ya nyingine. Mheshimiwa aseme alimwona nani, akaambiwa nini. Kama fedha hazipo, aseme hazipo. Kama yeye mwenyewe halikubali jambo, aseme pia. Kisha orodha hiyo ibandikwe nje ya ofisi yake, pamoja na tarehe, ili hata asiyefika mkutanoni aisome.

Mpiga kura