Barua kwa mpwa wangu anayetaka kuingia zimamoto

Mpwa wangu,

Mamako ananiambia umeshakusanya vyeti, unangoja tu kaunti itangaze nafasi. Yeye anauogopa moto. Mimi naogopa zaidi yale yanayomtoa mtu kazini polepole, na hayo hutayaambiwa siku ya usaili. Naandika hadharani ili na wenzako wasome.

Tangu Katiba ya Kenya ya 2010, zimamoto na ambulensi zote ni kazi za kaunti. Soma fani zote mbili. Mara nyingi utauhitaji ujuzi wote huo katika kichochoro kimoja.

Anza na hewa. Mtungi wa mgongoni wa lita 6.8, ukijazwa hadi baa 300 (baa ni kipimo cha shinikizo la hewa), una takriban lita 2,000. Ukipumua lita 40 kwa dakika, hizo ni dakika 50 za kwenye karatasi. Panda ghorofa nne unaburura paipu iliyojaa maji, utaimaliza kwa nusu ya muda huo. Filimbi ya mtungi hulia zikibaki kama baa 55. Hiyo ni akiba, haifai kuwa ndiyo ishara yako ya kugeuka. Soma geji mlangoni, isome tena ulikofika: kiasi ulichotumia kuingia ndicho cha kutokea, na akiba ibaki juu yake.

Maji nayo yahesabu vivyo hivyo. Gari lenye lita 5,000, paipu moja ikitoa lita 400 kwa dakika, limekauka baada ya dakika 12 na nusu. Katika mji huu wa Mombasa ambao mifereji hukaa siku nyingi bila tone, boza liitwe wakati gari linatoka kituoni, lisisubiri mpaka mfike.

Paa la makuti litakusumbua kuliko godauni. Makuti hupangwa ili mvua iteleze, basi na maji yako yatateleza, huku moto umejificha kwenye tabaka za chini zilizo kavu. Piga maji kutoka pembeni ukielekeza chini ya paa, vuta makuti kwa kulabu, na usisimame chini ya boriti zinazoungua. Gari lisimame upepo unakotoka. Paipu ya pili iende upepo unakokwenda, iloweshe paa la jirani kabla cheche hazijatua. Wakati wa kaskazi cheche huruka kuelekea kusini magharibi. Kusi ikiingia, mambo hugeuka.

Mji wa Kale ni somo la peke yake. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa huvumilia, lakini sakafu nzito imelala juu ya boriti za mikoko. Ncha ya boriti ikiungua ndani ya ukuta, sakafu yote huja chini. Tembea ukiambaa ukuta, gonga mbele yako kabla ya kukanyaga. Gari halitaingia humo, kwa hivyo paipu zitabebwa mabegani na majeruhi pia. Kunja magoti, mzigo uwe karibu na kifua. Migongo mingi huharibikia kwenye machela.

Sasa joto. Hewa ya Februari imejaa unyevu wa bahari. Jasho halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Mwenzako akianza kusema ovyo au kuyumba, mtoe nje, mvue mavazi yote mazito, mmwagie maji mwili mzima huku mkimpepea. Fanya hivyo kwanza, ndipo mumpakie kwenye ambulensi.

Masizi ndiyo ninayoyachukia kuliko yote. Mwaka 2022 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka kazi ya zimamoto katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Usivue barakoa wakati wa kupekua majivu, kwani moshi ukiisha machoni bado gesi ya kaboni monoksaidi ipo. Piga brashi na usuuze mavazi palepale, futa shingo na mikono, funga mavazi hayo kwenye mfuko, oga mara ufikapo kituoni. Vijana hujivunia koti jeusi. Koti hilo ni sumu, usilipeleke nyumbani kwa watoto.

Upande wa ambulensi, jua haya kwanza. Kuungua: maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, pete zivuliwe mapema, dawa ya meno na mayai yakae jikoni. Aliyezama, iwe Likoni au Nyali, moyo wake umesimama kwa kukosa hewa. Mpe pumzi tano kwanza, kisha mikandamizo 30 ya kifua kwa pumzi mbili. Kandamiza kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mbadilishane kila dakika mbili maana mikono huchoka kabla hujahisi. Watu ufuoni watakuhimiza umkamue tumbo. Usikubali: matapishi yataingia mapafuni.

Jumapili njoo na saa yenye mshale wa sekunde na viatu vya kukimbilia. Tutapanda ngazi, tuhesabu unapumua mara ngapi kwa dakika.

Mjomba wako