Tafuteni Majibu Kwanza: Barua ya Wazi kwa Vijana Wanaohariri Barua za Mwandishi Mwanamke

Wanangu,

Nimesikia mmeshika kazi ya kukusanya barua za mwandishi mwanamke na wenzake wa kalamu. Nawaandikia kabla hamjachapa hata ukurasa mmoja, maana kosa kubwa la kazi hii hufanyika mwanzoni, na likishafanyika uhariri hauliponyi. Kosa lenyewe ni kukusanya barua zake peke yake, kisha kuziita mawasiliano.

Barua ikishatumwa haiko tena kwa aliyeiandika. Katika sanduku lake mtakuta sauti za wenzake. Sauti yake mwenyewe imetawanyika kwenye makabati ya watu, pengine nchi tatu mbali. Anayeweka nakala za kaboni, yaani nakala ya kila barua aliyoituma, ndiye anayewaokoa wahariri. Mwandishi Bessie Head alikuwa na desturi hiyo, ndiyo maana hazina yake iliyoko Serowe, Botswana, katika makumbusho ya Khama III, ina pande zote mbili za mazungumzo yake mengi. Wengi hawakubahatika hivyo. Mwandishi wa riwaya Henry James alichoma sehemu kubwa ya barua alizoandikiwa na mwandishi mwenzake, Edith Wharton, ilhali Wharton alizitunza za James. Asiyeambiwa jambo hilo atadhani mwanamke huyo alikuwa msikilizaji tu.

Kwa hiyo fungueni daftari kabla ya kufungua kompyuta. Kila barua ipate mstari wake: namba, tarehe, nani kwa nani, ilipoandikiwa, inapotunzwa leo, idadi ya karatasi, na aina yake (ya mkono, ya taipu, kaboni, postikadi, telegramu). Safu ya mwisho iseme barua hii inajibu namba ipi. Msiione safu hiyo kama pambo. Ikibaki tupu, na barua yenyewe inasema "nimepokea yako ya Jumanne", mmegundua barua iliyopotea, nayo ipewe namba na nafasi yake kitabuni. Mshairi Mmarekani Emily Dickinson alianza kumwandikia mwandishi Thomas Wentworth Higginson Aprili 1862, na majibu ya Higginson karibu yote yametoweka. Hata hivyo twajua kwamba alimshauri asiharakishe kuchapisha, kwa kuwa Dickinson alilijibu shauri hilo. Pengo la namna hiyo liandikiwe tanbihi fupi mahali pake. Msilifiche.

Tarehe zitawatesa. Bahasha isitenganishwe na barua yake hata siku moja, kwa sababu mhuri wa posta huenda ndio tarehe pekee mliyo nayo. Barua ikisema "Jumatatu, Mei 14" bila mwaka, shikeni kalenda: kati ya 1960 na 1980 siku hiyo iliangukia Jumatatu mara 3 tu, yaani 1962, 1973 na 1979. Kitabu kinachotajwa ndani, ugonjwa, au anwani mpya vitawaonyesha ni upi kati ya hiyo mitatu. Za Januari zitilieni shaka zaidi, maana mkono wa mtu huendelea kuandika mwaka uliopita kwa wiki kadhaa. Tarehe mliyoikisia iwekwe ndani ya mabano ya mraba, ili msomaji ajue ni yenu.

Karatasi zenyewe zishikeni kwa mikono iliyooshwa na kukauka vizuri. Glovu za pamba hupunguza wepesi wa vidole, na ukingo mkavu huchanika. Toeni pini na vibanio vya chuma, kwa kuwa kutu hula karatasi. Selotepu ni marufuku: gundi yake hugeuka njano na kupenya hadi kwenye wino. Andikeni namba kwa penseli laini, nyuma, kwenye kona. Pigeni picha pande zote mbili, hata upande unaoonekana mtupu, kwa sababu huko ndiko watu huandika orodha, hesabu, au ubeti ulioanza kuzaliwa.

Mnaponakili, msimsahihishe. Tahajia yake, alama zake na maneno aliyoyakata yabaki. Neno lililokatwa mara nyingi ndilo alilotaka kusema kabla ya kukumbuka anamwandikia nani. Mmoja asome kwa sauti, mwingine afuatilie kwenye barua ya asili. Anayejisahihisha peke yake husoma anachokitarajia.

Sasa haki, ambako wengi hukwama kitabu kikiwa tayari. Mwenye karatasi si mwenye maneno. Mahakama ya Uingereza iliamua hivyo 1741, katika kesi ya mshairi Alexander Pope na mchapishaji Curll: mpokeaji humiliki karatasi, mwandishi hubaki na haki ya maneno. Basi rafiki akiwapa barua 40 kwa moyo mweupe, bado mnahitaji ruhusa ya warithi wa mwandishi. Na majibu ya rafiki yanahitaji ruhusa ya rafiki mwenyewe au warithi wake. Mkataba wa Berne, ambao ni mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, umeweka kiwango cha chini cha miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, na nchi nyingi zimekwenda hadi 70. Ombeni kwa maandishi, mkitaja barua zipi na kwa toleo lipi.

Ruhusa ya kisheria haimalizi jambo. Mshairi Mmarekani Robert Lowell alipotia barua za mwandishi Elizabeth Hardwick, mkewe waliyeachana, ndani ya mashairi yake tena akizibadilisha, mshairi mwenzake Elizabeth Bishop alimwandikia 1972 kumpinga waziwazi, ingawa walikuwa marafiki wa miaka 25. Nami nasimama na Bishop. Palipo na siri ya mtu aliye hai, kama vile mtoto au jirani mgonjwa, ondoeni mistari hiyo, muweke alama [mistari 4 imeondolewa], na barua nzima mkaikabidhi kwenye hifadhi ya nyaraka pamoja na mwaka ambao wasomaji wataruhusiwa kuifungua. Ila msiondoe hasira yake, wala madeni yake, wala lawama alizowapa wachapishaji kwa kumcheleweshea malipo. Hayo ni sehemu ya kazi yake ya uandishi, na wenzake walimjibu kuhusu hayohayo.

Wasalaam,
Mzee wenu