Filamu ya Jumamosi: Ender's Game

Hamjambo wanakikundi. Jumamosi tunaonyesha Ender's Game (2013) ya Gavin Hood, dakika 114, ukumbini Kaloleni. Tunaanza saa moja na nusu usiku, si mapema: mazoezi ya vita kwenye chumba kisicho na uvutano yana weusi mwingi, na mwanga wa dirishani huyafifisha kabisa.

Mwenye kompyuta aje na chaja. Ukichomeka waya wa HDMI, mara nyingi sauti huhamia kwenye kispika kidogo cha projekta; irudishe kwenye spika kubwa kupitia mipangilio kabla watu hawajaketi.

Mliosoma riwaya, tafadhali msiwafichulie wengine mtihani wa mwisho. Tutajadili umri pia: kitabuni Ender, mhusika mkuu, anachukuliwa kwenda shule ya kijeshi akiwa na miaka 6, filamu imemkuza, na hilo linapunguza uchungu.