Mwanangu, anza na utando

Assalaam alaykum mwanangu,

Meseji yako ya juzi usiku nimeipata na nimeisoma mara mbili, nikaona nisikujibu kwa voisi manake maneno yenyewe ni mengi na nyie huko dakhalia simu mnapewa kwa saa, kwa hivo nakuandikia uwe nayo usome kidogo kidogo ukipata nafasi. Huku Chake hatujambo sote, bibi yako miguu inamsumbua ila anatembea, na karafuu zishaanza kuanikwa, kila uwanja unaopita ni majamvi na harufu tu. Baba yako anakusalimu sana.

Haya, sasa hio bayoloji. Umesema umepata 31 kwenye mtihani wa seli, na kwamba ulikaa wiki nzima kukariri majina ya vitu vilivyomo ndani ya seli, ulipokaa kwenye kiti yote yakakimbia ukabaki na kiini na mitokondria. Nimeumia sikufichi, lakini nilichoumia zaidi ni kwamba mama yako kazi yake ni kutizama seli, mwaka wa 16 huu niko maabara, na sijawahi hata siku moja kukaa na wewe nikakueleza nnachokiona kule. Hilo langu mimi. Nataka nilitengeneze leo.

Nianze na ile sentensi ulonambia umeiandika kwenye daftari kwa rangi nyekundu, kwamba kiini ndo mkubwa wa seli na bila kiini seli haipo. Watu wengi wanaisema hivo hivo, lakini mimi siikubali. Kila siku naweka damu kwenye kioo naipaka rangi naitia kwenye hadubini, na seli nyekundu zote za mtu mzima nnazoziona hazina kiini. Zilikuwa nacho zilipokuwa zinatengenezwa ndani ya uboho wa mfupa, kisha zikakitoa ndo zikaingia kwenye damu, na zinaishi kiasi cha siku 120 zinabeba oksijeni bila hicho kiini. Hata mitokondria hazina. Na bakteria nao hawana kiini, DNA yao, yani yale maandishi ya urithi, imekaa tu ndani haina chumba chake. Lakini tangu nianze kazi hii sijaona seli isiyokuwa na utando, yani ile ngozi nyembamba inayoizunguka, iwe ya mtu, ya ng'ombe, ya bakteria au ya kile kijidudu cha malaria, zote zina utando. Kwa hivo ukinambia mama nianzie wapi, anzia hapo, kwenye utando, na majina mengine yote yatakuja yenyewe kila moja na sababu yake.

Utando wenyewe ni mafuta. Molekuli zake zina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia, sasa zikiwa ndani ya maji zinajipanga zenyewe safu mbili, mikia inajificha katikati, vichwa vya safu moja vinatizama nje na vya safu nyengine vinatizama ndani. Hakuna mtu anaezipanga, ni ile tabia ya mafuta na maji tu unayoiona kwenye sufuria ya mchuzi kila siku. Unene wake ukiigawa milimita moja mara milioni, utando unachukua vipande 7 au 8 hivi. Na juu ya mafuta hayo kuna protini zimejichomeka, hizo ndo milango. Oksijeni haihitaji mlango, inapita kwenye mafuta moja kwa moja, maji yanapita kidogo yenyewe na mengi kwenye vitundu vyake maalum, lakini sukari na chumvi hazipiti mpaka zipate mlango wao. Shika hapo: maji yanapita, chumvi haipiti ovyo.

Sasa nikuhadithie. Mwaka wangu wa pili wa mafunzo tulipewa kazi ya kuchanganya damu na maji ya chumvi ya asilimia 0.9, ambayo ndo kiasi kinacholingana na maji ya mwilini, na mezani kulikuwa na chupa mbili zinafanana, moja ya hayo ya chumvi na moja ya maji matupu yalosafishwa, mimi kwa haraka nikachukua ya maji matupu. Tyubu za wenzangu zikawa na ukungu mwekundu, huoni upande wa pili. Ya kwangu ikawa nyekundu safi kama juisi ya rozela ilochujwa, ukiweka gazeti nyuma yake herufi unazisoma. Nikafurahi nikajua nimewashinda wote. Mwalimu akaitizama kimya akanambia tia tone kwenye hadubini. Nikatizama, nikazungusha, nikatizama tena, hakuna kitu. Mwanangu katika tone dogo la damu kiasi cha milimita moja kwa kila upande mna seli nyekundu kama milioni 5, na mimi sikuiona hata moja. Zote zilipasuka. Ndani ya seli mna chumvi na protini, nje nimetia maji matupu, chumvi haikuweza kutoka lakini maji yaliweza kuingia, yakaingia mpaka utando ukashindwa kuhimili. Ile rangi safi niloifurahia ilikuwa himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni, iliomwagika. Ndo manake dripu ya hospitali haitiwi maji matupu. Na ukifanya kinyume chake, ukaziweka kwenye maji ya chumvi nyingi, zinanywea zinakunjana kama zabibu kavu.

Hio ndo osmosisi, na wewe unaijua tangu una miaka sita. Si unakumbuka nilivokuwa nakukataza kutia chumvi kwenye kachumbari mapema? Ukitia chumvi kitunguu na tungule mapema, wageni wakifika unakuta bakuli limejaa maji na kitunguu kimelegea. Yale maji hayakutoka kwengine, yametoka ndani ya seli za kitunguu yamepita kwenye utando kuifuata chumvi ilioko nje. Embe mbichi ya achari vile vile, samaki wa ng'onda vile vile, chumvi inavuta maji, na hata bakteria wanaotaka kumuozesha yule samaki maji yao yanavutwa wanashindwa kuzaana.

Lipo jengine nataka ulielewe vizuri hasa kwa sababu hili linaokoa watu. Ulipokuwa na mwaka na nusu ulihara siku mbili macho yakaingia ndani, nilikaa na wewe usiku kucha na kijiko na ORS, ile dawa ya unga wa chumvi na sukari, paketi moja ndani ya lita moja ya maji. Jirani yetu mmoja, kwa nia nzuri, akanambia changanya kwenye kikombe kimoja tu ikolee apone haraka. Nikakataa. Ingekolea ingekuwa kama kachumbari, chumvi na sukari nyingi upande wa utumbo ingevuta maji kutoka mwilini mwako na wewe maji ndo ulikuwa huna. Na kwa nini pana sukari mule? Kwa sababu kwenye utando wa seli za utumbo kuna mlango mmoja ambao sodiamu, ile ya kwenye chumvi, na glukosi, ndo sukari, lazima ziingie pamoja, chumvi peke yake mlango huo haiupiti, zikiingia zote mbili maji yanafuata. Mtu wa kipindupindu sumu ya yule bakteria inazifanya seli zimwage chumvi nje na maji yanaifuata, ndo ule mharo wa maji ya mchele, lakini mlango ule wa sodiamu na glukosi unabaki mzima haukuguswa. Watu walipokuja kulielewa hilo katika miaka ya 1960 ndo mgonjwa wa kipindupindu akaanza kutibiwa kwa kunyweshwa. Mlango mmoja tu wa protini kwenye utando. Nikilifikiria hili nakwambia kweli moyo unajaa.

Lakini kuna milango haifunguki tu yenyewe, inataka nguvu. Ulikuwa unakwenda mikokoni na kaka yako kutafuta kaa, ukenda tena chukua jani la mchu ulilambe, utakuta lina chumvi. Mchu umesimama ndani ya maji ya bahari, chumvi inayoingia mwilini mwake seli za jani zinaisukuma nje kwa nguvu, zinaitoa pahala ilipo kidogo kuipeleka pahala ilipo nyingi, kama mtu anaechota maji bondeni kuyapandisha kilimani. Na wewe hapo ulipokaa unasoma kila seli yako inafanya hivo, inatoa sodiamu 3 inaingiza potasiamu 2, mchana na usiku, ukilala haisimami. Nguvu hio inatoka wapi? Hapo ndo zinaingia mitokondria, vile vijichumba vya nguvu vilivyomo ndani ya seli. Zinachukua kilichotokana na ile sukari na oksijeni unayovuta, zinatengeneza ATP, ambayo ndo nguvu ya kusukumia ile milango na kazi nyengine zote. Seli za msuli wa moyo zimejaa mitokondria na unaweza kujijibu mwenyewe kwa nini. Tena mitokondria zako umezirithi kwangu, za baba yako hazikubakia, na mimi nilizipata kwa bibi yako huyu mwenye miguu, na yeye kwa mama yake. Ukishaijua hio sidhani kama jina lake litakukimbia tena.

Na hio milango nani anaitengeneza? Ribosomu ndo zinaunga protini, zinafuata maelekezo, na maelekezo yamewekwa kwenye DNA ndani ya kiini. Kwa hivo kiini kina heshima yake sikatai, ila mimi nakiona kama sanduku lenye maandishi, hakitoi amri kikasikilizwa, kinasomwa. Na yakikosewa maandishi pahala pamoja tu mambo yanaharibika. Kuna watoto wanaletwa kwetu wanalia na maumivu ya viungo, nikiweka damu yao kwenye hadubini naona seli zimepinda kama mundu, zimechongoka, badala ya kuwa mviringo. Ndo selimundu. Katika himoglobini mna mnyororo wenye amino asidi 146, ndo vile vipande vinavyounga protini, kwa watoto hawa ile ya 6 imebadilika, moja katika 146, na hio moja inatosha, oksijeni ikipungua himoglobini zinashikana zinakuwa kama vijiti, seli inapinda inaziba kimshipa. Mzazi mwenye nakala moja mbovu mara nyingi ni mzima hajui kitu, wakikutana wawili wa hivo kila mimba ina nafasi moja katika nne ya mtoto kuumwa. Nataka hili ulijue kama elimu ya mtihani na kama elimu ya maisha, siku ya posa yako nitakukumbusha.

Mimea nitakwenda haraka manake hapo umesema hukukosea. Seli ya mmea ina utando kama yako, nje ya utando ina ukuta wa selulosi, ndo manake kitunguu ukikitia kwenye maji matupu hakipasuki kama damu yangu ile, ukuta unazuia, seli inajaa inakaza tu. Vakuoli ni bohari la maji, kloroplasti ndo zinazotengeneza sukari kwa jua. Yule Robert Hooke wa Uingereza alietoa jina la seli 1665 alikuwa anatizama gome la koki, akaona vichumba vitupu, yani aliona kuta tu, wenyewe washakufa zamani. Alieona vilivyo hai vinatembea ni Antonie van Leeuwenhoek wa Delft kule Uholanzi katika miaka ya 1670, na huyu alikuwa muuza vitambaa, lenzi zake akizisaga mwenyewe.

Na hili mwalimu huenda hajakwambieni: maji ya dafu. Nazi ikiwa changa, viini vinajigawa vinajigawa bila ya kuweka utando wala ukuta baina yao, vinaelea humo majini, kisha pembezoni karibu na kifuu seli zinaanza kujijenga safu kwa safu, ndo ule utelezi unaoukwangua kwa kijiko kwenye dafu, ikifika koroma umekuwa nene, ikifika nazi ndo unakuna. Siku unakunywa dafu tizama ule utelezi, ndo seli zinajengwa.

Kugawanyika kwa seli tutazungumza ukija likizo, kwa sasa jua tu kwamba kabla ya kujigawa inanakili maandishi yote, kromosomu zako 46, kila seli mpya ipate nakala kamili.

Jumamosi ami yako anapanda boti, nimempa achari, kashata za nazi na mbatata mbili. Mbatata usizile. Kata vipande sawa, tia vyengine kwenye gilasi ya maji ya kawaida na vyengine kwenye gilasi ya maji ulotia vijiko vitatu vya chumvi, viache mpaka baada ya Isha kisha uvishike kwa mkono, uandike umeona nini na kwa nini, kwa maneno yako mwenyewe, unipigie Ijumaa inayofuata unisomee.

Na bibi yako jana alikaa karibu yangu wakati naandika nikawa namsomea, akasikiliza mpaka pale pa kachumbari akaniuliza, haya, changu anazaliwa baharini na anakulia baharini na maji yale chumvi tupu, mbona yeye hanywei? Nimemwambia suali hilo simjibu mimi, atajibiwa na mjukuu wake. Anasubiri.

Mama yako